Kutoka Maabara hadi Dirisha la Dawa: Kenya na Ujenzi wa Mfumo wa Kuzuia Pufya Michezoni

Tarehe 22 Aprili 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria ya kwanza ya Kenya ya kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Siku 20 baadaye, Bodi ya shirika la dunia linalosimamia vita hivyo (WADA), iliyokuwa ikikutana mjini Montreal, ilitangaza kuwa Kenya haijatimiza masharti, kwa sababu sheria hiyo haikulingana kikamilifu na Kanuni ya Dunia. Bunge likairejea sheria, Rais akatia saini marekebisho mwezi Juni, na mwanzoni mwa Agosti, michezo ya Olimpiki ya Rio ikiwa mlangoni, Kenya ikaondolewa katika orodha ya nchi zilizokiuka. Wanariadha wakasafiri, wakarudi na medali 13, sita zikiwa za dhahabu.

Haraka hiyo ieleweke mapema, kwani inafafanua mengi yaliyofuata. Nchi iliyokuwa ikitamba katika mbio ndefu kwa nusu karne ilijenga mfumo wake wa udhibiti ndani ya miezi michache, dunia nzima ikiitazama, na nyumba inayoezekwa wakati mvua imeshaanza kunyesha haikosi pa kuvujia. Katika makala haya nitaeleza jinsi nyumba hiyo ilivyosimamishwa, kisha nitaonesha kwamba tundu lake kubwa zaidi liko kwetu sisi wa fani ya afya.

Kwanza neno lenyewe. Sisi Watanzania tumezoea kusema "dawa za kusisimua misuli", na magazeti ya Kenya husema "dawa za kututumua misuli" au, kwa ufupi unaopendeza, "pufya". Majina mawili ya kwanza yanapotosha. Dawa iliyowaangusha wakimbiaji mashuhuri kuliko zote haigusi misuli hata kidogo, hugusa damu. Nyingine huondoa maji mwilini, nyingine hutuliza maumivu. Kwa kawaida dutu huingizwa katika orodha ya marufuku ikitimiza vigezo viwili kati ya vitatu: kwamba inaongeza uwezo wa mwanamichezo, kwamba inahatarisha afya yake, au kwamba inakwenda kinyume cha roho ya michezo. Nitatumia neno pufya, kwa kuwa halidai kueleza jinsi dawa inavyofanya kazi.

WADA iliundwa Novemba 1999, mwaka mmoja baada ya kashfa iliyokaribia kuyasambaratisha mashindano ya baiskeli ya Ufaransa. Kanuni ya Dunia ilianza kutumika Januari 2004, na mwaka 2005 UNESCO ikapitisha mkataba wa kimataifa ili serikali nazo, si vyama vya michezo pekee, zibanwe na wajibu huo. Kwa Afrika Mashariki, nchi nyingi ziliunganishwa katika ofisi moja ya kanda yenye makao yake Nairobi, kwa kuwa hakuna hata moja iliyokuwa na uwezo wa kugharimia wataalamu na vipimo peke yake. Mpango huo ulikuwa wa busara kwa nchi zenye wanariadha wachache wa kimataifa. Kwa Kenya, yenye mamia ya wakimbiaji wanaoishi kwa fedha za marathoni za Ulaya, Marekani na Asia, ulikuwa sawa na kuchota maji ya mto kwa kikombe.

Mwaka 2012 televisheni ya Ujerumani ya ARD ilirusha kipindi kilichodai kuwa pufya zinapatikana kwa urahisi katika maeneo ya mazoezi ya Bonde la Ufa. Serikali iliunda jopo kazi chini ya Profesa Moni Wekesa, lililotoa taarifa yake mwaka 2014. Katika mwaka huo huo, mwezi Septemba, sampuli ya Rita Jeptoo ilikutwa na erithropoetini, yaani EPO. Jeptoo alikuwa bingwa wa Boston na Chicago, na alikuwa ametarajiwa kukabidhiwa dola 500,000 za ushindi wa jumla wa marathoni kubwa za dunia. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya dunia ya Beijing, Kenya iliongoza jedwali la medali kwa dhahabu saba, lakini wakati wa mashindano hayohayo wanawake wawili wa timu yake walikutwa na furosemidi, dawa ya kukojosha ambayo mwanamichezo huweza kuitumia kuficha nyingine. Novemba 2015 likazaliwa shirika la taifa, ADAK.

Madhara ya udanganyifu huhesabiwa mara nyingi kwa medali, ilhali hesabu halisi iko pengine. Aliyeshika nafasi ya pili nyuma ya Jeptoo huko Boston mwaka 2014 ni Buzunesh Deba wa Ethiopia. Jeptoo alipovuliwa ushindi, Deba akawa bingwa kwenye karatasi, lakini waandaaji walisema hawawezi kumlipa hadi watakapozirejesha fedha mikononi mwa aliyeadhibiwa. Alisubiri takriban miaka kumi. Mwaka 2024 mfanyabiashara mmoja wa Marekani, asiyehusika kwa lolote na kosa hilo, alitoa dola 75,000 mfukoni mwake akamlipa.

Sasa niiendee EPO yenyewe, kwa kuwa mimi ni daktari wa figo na dawa hii ninaiandika kila juma. Katika kliniki yetu si jina la kashfa. Ni homoni ambayo figo zenye afya huitengeneza zinapohisi kwamba oksijeni imepungua. Homoni hiyo husafiri hadi kwenye uboho, ulio kiwanda cha damu ndani ya mifupa, na kuuamuru uzalishe chembe nyekundu zaidi. Figo zikifa, amri hiyo hukoma. Mgonjwa huishiwa damu ingawa hakuna jeraha linalovuja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 imewezekana kuitengeneza homoni hii viwandani, na kwa wanaosafishwa damu imekuwa neema: mtu aliyekuwa akipumzika mara tatu kabla ya kufika mlango wa kliniki hupanda ngazi bila kushikwa mkono.

Lakini hata kwa wagonjwa hao tunaitumia kwa kipimo. Mwongozo wa kimataifa wa magonjwa ya figo hutuelekeza, kwa jumla, tusipandishe himoglobini kupita gramu 11.5 kwa desilita, na tusiivushe 13 kwa makusudi. Tahadhari hiyo ililipiwa gharama kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha kuwa wagonjwa waliolengwa kufikishwa 13.5 walipata vifo na matatizo ya moyo zaidi ya waliolengwa 11.3. Mwaka 2009 utafiti mwingine, wa wagonjwa wenye kisukari na ugonjwa wa figo, ulikuta kwamba kiharusi kiliongezeka karibu mara mbili kwa waliopewa dawa ya jamii hii. Hao walikuwa watu waliokuwa na upungufu wa damu tangu mwanzo, wakichunguzwa na madaktari kila wakati. Mkimbiaji huanzia juu. Himoglobini yake ni ya mtu mzima wa afya, na pengine imeshapandishwa na kuishi milimani. Huongezewa EPO bila kipimo wala daktari, kisha hukimbia kilomita 42 akipoteza maji kwa jasho. Damu huwa nzito kama uji ulioachwa jikoni, na mshipa wa ubongo au wa moyo hauulizi nani aliyevaa medali.

Linalonisumbua zaidi, kama mtu wa figo, ni kwamba kila chupa inayoishia kwa mkimbiaji mwenye afya imetoka katika mkondo uleule wa dawa ambao mgonjwa wangu huusubiri na mara nyingi hushindwa kuulipia.

EPO ilipigwa marufuku na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1990, lakini kipimo cha kuigundua kilianza kutumika katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Hata baada ya hapo, mtu anayejidunga dozi ndogondogo huweza kuisafisha katika mkojo ndani ya siku chache. Kwa sababu hiyo, mwaka 2009 shirikisho la riadha la dunia lilianzisha pasipoti ya kibaiolojia. Badala ya kuisaka dawa, pasipoti hufuatilia alama zinazoachwa na dawa. Damu ya mkimbiaji hupimwa mara kwa mara kwa miaka, na kila matokeo hulinganishwa na ya mtu huyohuyo. Himoglobini ikiwa juu huku chembe nyekundu changa zikiwa chache mno, daktari wa damu hujiuliza maswali: uboho umelala, ilhali damu imejaa. Picha hiyo huonekana pale mtu anapoacha kujidunga, au anaporudishiwa damu yake mwenyewe iliyohifadhiwa.

Nadharia ni nzuri. Tatizo lilikuwa barabara. Chembe za damu huharibika. Sampuli ya pasipoti ilipaswa kuwekwa katika baridi na kufika maabara inayotambuliwa ndani ya muda mfupi, ambao kwa kanuni za awali ulikuwa saa 36. Iten iko kwenye kimo cha takriban mita 2,400, mwendo wa saa nyingi kutoka Nairobi, na maabara zenye idhini zilikuwa nje ya nchi. Mkusanyaji wa sampuli alilazimika kupanga kazi yake kwa kutazama ratiba ya ndege, na mkimbiaji mjanja angeweza kuisoma ratiba hiyohiyo. Mwaka 2018, kwa msukumo wa Kitengo cha Uadilifu wa Riadha (AIU), maabara ya Lancet jijini Nairobi ilipata idhini ya WADA ya kupima damu ya pasipoti. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote zilizochukuliwa katika muongo huo, kubwa hata kuliko sheria yenyewe, ingawa haikupigiwa ngoma. Mkusanyaji sasa aliweza kugonga mlango siku yoyote, saa yoyote.

Kugonga mlango nako kuna taratibu zake. Mwanariadha aliye katika orodha ya wanaopimwa hutakiwa kueleza, kwa kila siku ya mwaka, mahali atakapolala na saa moja atakayopatikana bila kukosa. Akikosa mara tatu ndani ya miezi 12, ni kosa sawa na la aliyekutwa na dawa. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia ya marathoni, alifungiwa miaka minne mwaka 2020 kwa njia hiyo. Kwa kipimo kimojawapo alichokikosa alijitetea kwa picha ya lori lililopinduka na kuziba barabara; ikabainika kwamba ajali ile ilitokea miezi mitatu baada ya siku aliyodai kukwama. Kosa la upande wa pili lilionekana kwa Asbel Kiprop, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500. Alikutwa na EPO katika sampuli ya Novemba 2017 na akafungiwa miaka minne, ingawa aliendelea kukana. AIU ilikiri katika shauri hilo kwamba alikuwa amearifiwa kabla kuwa wapimaji wanakuja, jambo ambalo sheria inalikataza kabisa. Kipimo kinachotangulizwa na simu si kipimo.

Tangu mwaka 2019 Kenya imo katika kundi la nchi zinazohesabiwa kuwa na hatari kubwa. Mwanariadha wa nchi hizo haruhusiwi kushiriki mashindano ya dunia au Olimpiki bila kupimwa angalau mara tatu nje ya mashindano, bila taarifa, ndani ya miezi kumi iliyotangulia. Nigeria iliipuuza kanuni hiyo, na katika Olimpiki ya Tokyo wanariadha wake kumi wakazuiwa. Hawakuwa wametumia kitu chochote. Walizuiwa kwa sababu ofisi zao hazikuwapima. Kisa hicho hunikumbusha kwamba mfumo dhaifu huwaumiza kwanza walio safi.

Mwaka 2018 WADA ilichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu Kenya. Kati ya mwaka 2004 na Agosti 2018, wanariadha 138 wa Kenya walikutwa na dawa. Wengi walitarajia taarifa ifichue mtandao wa siri unaoendeshwa na dola, kama ilivyokuwa Urusi. Haikuwa hivyo. Wachunguzi walieleza matumizi ya kienyeji, ya kubahatisha, yasiyo na uratibu. Dawa iliyoongoza ilikuwa nandroloni, steroidi ya kizamani inayogundulika kwa urahisi. Na katika mlolongo wa ugavi walijitokeza watu wa afya, wenye vyeti na wasio navyo, waliotoa dawa dirishani bila cheti cha daktari au bila kumweleza mwanariadha alichopewa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaoamini kwamba dawa ya tatizo hili ni vipimo zaidi na adhabu kali zaidi. Vipimo na adhabu vyote vinafika mwishoni mwa safari. Safari huanzia zahanati.

Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda marathoni ya Olimpiki, alikutwa na EPO mapema mwaka 2017. Utetezi wake ulikuwa wa kitabibu: kwamba alitibiwa katika hospitali kubwa jijini Nairobi kwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Hospitali ilisema haina kumbukumbu hiyo na nyaraka hazikuwa zake. Adhabu ya miaka minne ikaongezwa hadi minane kwa sababu ya nyaraka hizo. Diana Kipyokei, aliyevuka wa kwanza Boston mwaka 2021, alifungiwa miaka sita kwa triamsinoloni na kwa maelezo ya uongo kuhusu alivyoipata. Msomaji asiye daktari atauliza kwa nini mtu ahangaike na triamsinoloni. Ni dawa ya jamii ya kotizoni. Sisi huidunga katika kiungo kilichovimba, au huitumia kwa mzio mkali. Kwa mkimbiaji huweza kutuliza uvimbe na maumivu, na kumsaidia kupunguza uzito. Matumizi ya kurudia huidhoofisha mifupa na kuilaza tezi inayozalisha kotizoni ya mwili wenyewe, kiasi kwamba ugonjwa mdogo unaweza kumwangusha. AIU ilihesabu kuwa katika miaka ya 2021 na 2022 Wakenya kumi walikutwa nayo, dhidi ya wanariadha wawili tu kutoka nchi nyingine zote.

Mwishoni mwa mwaka 2022 Kenya ilikuwa ukingoni mwa kufungiwa kama Urusi. Serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano, na baraza la riadha la dunia likakubali kusubiri. Fedha hizo zilikusudiwa vipimo zaidi, uchunguzi na elimu. Mwaka 2025 WADA iliitaja tena ADAK kwa mapungufu yaliyoonekana katika ukaguzi na kuiweka chini ya uangalizi. Sishangai. Taasisi ya umri wa miaka kumi bado inajifunza kutembea, na ahadi ya bajeti ni rahisi kuliko bajeti.

Kesi ya hivi karibuni ndiyo inayopaswa kubandikwa katika kila duka la dawa. Ruth Chepngetich, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa mbili na dakika kumi, alipimwa Machi 2025 akakutwa na hidroklorothiazidi. Kiwango kilikadiriwa kuwa nanogramu 3,800 kwa mililita ya mkojo, ilhali kinachoruhusiwa kupita bila kuripotiwa ni 20. Oktoba mwaka huo alifungiwa miaka mitatu. Alieleza kwamba alipougua alimeza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani bila kuuliza ni ya nini. Hidroklorothiazidi ni kidonge cha shinikizo la damu cha bei nafuu. Wazazi wetu wengi wanacho kabatini. Sheria haiulizi kwanza nia. Kilichomo mwilini mwa mwanamichezo ni dhima yake, hata kama kimetoka kwa mganga, kwa jirani au kwa daktari bingwa.

Wenzangu wa Tanzania wasidhani haya ni ya majirani. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, wa kwanza kwa Tanzania katika riadha, na vijana watakaomfuata kutoka Arusha, Manyara na Singida watapita katika zahanati zetu wakiwa na mafua, maumivu ya goti na pumu. Tramadoli, tunayoiandika bila kufikiri mara mbili, imepigwa marufuku wakati wa mashindano tangu Januari 2024. Sindano yoyote ya kotizoni, hata ya kiungo, imezuiwa wakati wa mashindano tangu mwaka 2022. Vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini vina kikomo. Salbutamoli ya kuvuta inaruhusiwa kwa kiwango kisichozidi mikrogramu 1,600 kwa saa 24. Ya vidonge hairuhusiwi bila kibali. Miraa nayo, kwa wale wanaoiona kuwa kiburudisho tu, ina viambata vilivyomo katika orodha.

Hakuna kati ya haya kinachomnyima mwanamichezo haki ya kutibiwa. Kipo kibali cha matumizi ya dawa kwa tiba. Daktari huandika utambuzi wa ugonjwa, vipimo vilivyouthibitisha, dawa mbadala zilizojaribiwa na sababu ya kuhitaji iliyozuiwa. Jopo la madaktari hupitia na kuamua, na kwa kawaida kibali hutakiwa kabla ya dozi ya kwanza, isipokuwa katika dharura. Maombi mengi hukwama kwa sababu ya faili lisilo na vipimo, au maelezo ya mistari miwili yenye saini isiyosomeka. Katika fomu ya historia ya mgonjwa inayotumika katika kliniki nyingi kuna nafasi ya kuuliza kazi, mzio na dawa anazotumia. Swali la kama mgonjwa anashindana katika mchezo wowote halimo. Linaongezwa kwa kalamu.